Kubadilisha goti kwa roboti na kwa kuongozwa na kompyuta: tofauti iko wapi hasa?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajukwaa.

Siku hizi kila inapotajwa habari ya kubadilisha goti, jambo la kwanza ambalo mgonjwa na ndugu zake huuliza ni kama hospitali ina roboti. Swali ni la haki, lakini huulizwa kana kwamba ziko njia mbili tu, ya roboti na ya kizamani, ilhali katikati yake ipo njia ya tatu iliyotumika kwa zaidi ya robo karne, nayo ni upasuaji unaoongozwa na kompyuta pasipo mkono wa mashine. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa, nimehudumu mezani katika njia zote tatu, na ninaanzisha uzi huu kwa sababu naona watu wakifanya uamuzi mzito juu ya miili yao kwa kufuata maneno ya matangazo.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea kusoma. Kompyuta na roboti zote mbili zimethibitika kupunguza makosa ya kukata mfupa. Lakini kwa mtu anayebadilishiwa goti zima, usahihi huo kwa sehemu kubwa haujaonekana katika maumivu yake, katika kutembea kwake wala katika umri wa goti bandia, na sababu kuu ya hali hiyo haimo ndani ya mashine.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika upasuaji huu goti haling'olewi lote. Daktari hukata vipande vyembamba, kwa kawaida vya unene wa milimita 8 hadi 10, kutoka ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi, mahali ambapo gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limesagika. Ncha ya mfupa wa paja huvikwa kofia ya chuma, mara nyingi aloi ya kobalti na kromiamu, ya muundi huwekewa sahani ya chuma, na katikati hukaa kipande cha plastiki ngumu ya polietilini ambacho huteleza badala ya gegedu. Kukata si kazi ngumu. Ugumu ni kukata kwa pembe inayotakiwa, na kuziacha kano za pande zote mbili zikiwa na mvuto unaolingana goti linaponyooka na linapokunjwa.

Katika njia ya kawaida, daktari hutoboa tundu kwenye ncha ya mfupa wa paja, huingiza fimbo ndefu ya chuma ndani ya uwazi wa uboho, na juu ya fimbo hiyo hufunga kifaa cha kuongozea msumeno kilichowekwa kwenye pembe ya nyuzi 5 hadi 7. Upande wa muundi hutumika zaidi fimbo ya nje inayofungwa kifundoni. Shabaha ya miaka mingi imekuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka katikati ya nyonga, kupitia katikati ya goti, hadi katikati ya kifundo cha mguu, na mguu uliopotoka zaidi ya nyuzi 3 kutoka mstari huo huhesabiwa kuwa umekosewa. Shida ni kwamba mifupa ya paja haifanani. Wa huyu una upinde, wa yule uwazi wake ni mpana kiasi kwamba fimbo inacheza, na kichwa cha nyonga hakionekani kwa kuwa kimefunikwa na nyama na shuka. Daktari anakadiria. Mzoefu anakadiria vizuri sana, lakini bado anakadiria.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mgonjwa wa kwanza kubadilishiwa goti kwa kuongozwa na kompyuta bila picha za kabla ya upasuaji alifanyiwa kazi hiyo mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1997, na timu ya Dominique Saragaglia. Msingi wa mfumo ule haujabadilika sana hadi leo. Pini mbili huchomekwa kwenye mfupa wa paja na mbili kwenye muundi, na juu ya kila jozi husimama fremu ndogo yenye tufe zinazoakisi mwanga wa infraredi. Kamera iliyosimama mita chache kutoka mezani huzisoma tufe hizo na kujua kila mfupa uko wapi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha akili ya mfumo waziwazi. Daktari hushika paja na kulizungusha polepole, duara baada ya duara, huku nambari kwenye skrini zikipanda. Kompyuta inafuata njia ya ile fremu angani na kukokotoa kitovu ambacho mzunguko wote unakizunguka. Kitovu hicho ni katikati ya nyonga, kimepatikana bila kuguswa, bila kuonekana na bila eksirei hata moja. Kisha daktari huchukua kalamu ya chuma yenye tufe zake, hugusa nundu mbili za kifundo cha mguu, hugusa alama kadhaa za goti, na huipitisha ncha ya kalamu juu ya mfupa kama anayepaka rangi mpaka umbo lake lijitokeze kwenye skrini. Kuanzia hapo kila kifaa cha kuongozea msumeno kinapowekwa, kompyuta husema kimeinama nyuzi ngapi na kitaondoa milimita ngapi. Msumeno, hata hivyo, uko mkononi mwa daktari vilevile kama zamani.

Roboti ya upasuaji wa goti ni mfumo huo huo ulioongezewa mkono. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wengi hudhani ni teknolojia mbili zinazoshindana tangu mwanzo, ilhali roboti karibu zote za goti hutumia pini zile zile, tufe zile zile na kamera ile ile. Kinachoongezeka ni namna mpango unavyotekelezwa, na katika hilo roboti zenyewe zinatofautiana sana.

Zipo zinazokata zenyewe. ROBODOC, iliyoanzia Marekani na kutumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1992 mjini Sacramento katika upasuaji wa nyonga, ni ya kundi hilo. Mguu hufungwa imara, mpango wa picha za CT, yaani eksirei za pande zote zinazounganishwa na kompyuta, huingizwa, na mashine hula mfupa yenyewe huku daktari akishika kitufe cha kuisimamisha. Zipo zinazokataa tu. Mako, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, humwachia daktari asukume msumeno mwenyewe, lakini mkono wa mashine huweka mipaka ambayo msumeno hauwezi kuivuka. ROSA haikati kabisa. Hushika kifaa cha kuongozea msumeno mahali panapotakiwa na kukituliza hapo. NAVIO na mrithi wake CORI ni vifaa vya kushikwa mkononi, vyenye kichwa kinachochonga mfupa na ambacho hurudi ndani au kupungua kasi kinapotoka nje ya eneo lililopangwa. Ukiambiwa tu kwamba utafanyiwa kwa roboti, bado hujaambiwa jambo kubwa.

Niieleze ile mipaka ya msumeno, kwa sababu hapo ndipo roboti inapopita kompyuta kwa haki. Kwenye skrini mfupa huonekana na rangi ya kijani juu ya sehemu inayopaswa kuondoka. Daktari anapokata, kijani hufutika kidogo kidogo. Akiukaribia ukingo, mkono huwa mzito; akisukuma zaidi, msumeno huzimika. Nyuma ya goti upo mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu, na pembeni zipo kano ambazo zikikatwa goti halitulii tena. Katika njia ya kompyuta peke yake hakuna kitu kinachouzuia msumeno kwenda huko isipokuwa mkono na vizuizi vya chuma tunavyovishika sisi wasaidizi. Tena ubao wa msumeno ni mwembamba na hupinda unapokutana na mfupa mgumu, na kifaa cha kuongozea kilichopigiliwa kwa pini husogea kidogo wakati wa kupigiliwa. Kompyuta huonyesha kosa hilo baada ya kukata, ukipima tena. Roboti ya aina hii hulizuia lisitokee.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Uchambuzi wa Mason na wenzake wa mwaka 2007, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba miguu iliyopotoka zaidi ya nyuzi 3 ilikuwa asilimia 31.8 kwa njia ya kawaida na asilimia 9 kwa njia ya kompyuta. Hiyo ni tofauti kubwa, na roboti nazo zimeonyesha usahihi wa kiwango hicho au zaidi yake. Mtu angetarajia kwamba magoti yaliyonyooka vizuri zaidi yangedumu zaidi na kuuma kidogo. Mwaka 2012 Young-Hoo Kim na wenzake wa Korea Kusini walitoa matokeo ya wagonjwa 520 ambao goti moja lilifanyiwa kwa kompyuta na jingine kwa njia ya kawaida, kwa mwili ule ule, na baada ya miaka kumi hivi hapakuonekana tofauti ya maana. Mwaka 2020 Kim alitoa utafiti mwingine, safari hii wa ROBODOC dhidi ya njia ya kawaida, wenye wagonjwa zaidi ya 1,400 waliogawanywa kwa bahati nasibu na kufuatiliwa kwa angalau miaka 10. Maumivu, utendaji na umri wa goti vilikuwa sawa.

Kwa nini? Maelezo yanayoniingia akilini ni haya. Pima maji humwambia fundi kwamba ukuta umenyooka. Haimwambii ukuta ujengwe wapi. Johan Bellemans wa Ubelgiji na wenzake walipima vijana wazima wasio na ugonjwa wa goti mwaka 2012 na kukuta kwamba asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Watu hao wametembea maisha yao yote kwenye mguu usionyooka, na kano zao zimejengeka kwa umbo hilo. Ukimnyoosha mtu wa namna hiyo kwa usahihi wa nusu nyuzi, umempa kwa usahihi mkubwa mguu ambao hakuwa nao. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani wakiongozwa na Parratte walikuwa wameangalia magoti 398 kwa miaka 15 na kukuta kwamba yale yaliyokuwa ndani ya nyuzi 3 hayakudumu zaidi kuliko yaliyokuwa nje. Ndiyo maana leo madaktari wamegawanyika: wapo wanaoshikilia mstari ulionyooka, na wapo wanaotaka kurudisha umbo ambalo mgonjwa alikuwa nalo kabla goti halijasagika. Mashine hutii upande wowote itakaopewa.

Naomba maswali na pingamizi, hasa kutoka kwa waliofanyiwa na kwa wataalamu waliomo humu.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana ndugu kwa maelezo. Mimi ni mmoja wa wanaosubiri upasuaji huu na kitu kimoja kimenishtua: hizo pini zinachomekwa kwenye mfupa mzima usio na ugonjwa. Je, hazina madhara yake? Mbona hakuna aliyenitajia?

Mwanzisha uzi

Ulipaswa kutajiwa, na una haki ya kuuliza kabla hujatia sahihi karatasi ya ridhaa. Kila tundu la pini ni jeraha dogo la ziada lenye uwezekano wake wa kupata maambukizi, na ni mahali ambapo mfupa umedhoofika kwa muda. Tatizo linaloogopwa zaidi ni mfupa kuvunjika kupitia kwenye tundu hilo. Hutokea kwa nadra, na linapotokea huwa ni wiki au miezi kadhaa baadaye, wakati mgonjwa ameanza kutembea kwa kujiamini. Hatari huongezeka pini zikiwa nene, zikiwekwa katikati ya mfupa ambako ukuta wake ni mgumu badala ya karibu na ncha, au mfupa ukiwa umedhoofika kwa umri.

Jambo la kushika ni hili: maumivu ya goti lenyewe baada ya upasuaji yanategemewa, lakini maumivu mapya ya katikati ya paja au katikati ya muundi, yanayozidi ukikanyaga, hayapaswi kuvumiliwa. Rudi ukapigwe eksirei mapema. Na hatari hii ni ya kompyuta na ya roboti kwa usawa, kwa kuwa pini ni zile zile. Vipo vifaa vidogo vya kuongozea vinavyotumia vihisi vya mwendo kama vile vilivyomo ndani ya simu, ambavyo havihitaji kamera wala fremu hizo kubwa, ingawa havitoi taarifa nyingi kama mfumo kamili.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni daktari ninayesomea ubingwa wa mifupa, na nina pingamizi la heshima. Utafiti wa 2020 ulioutegemea ulitumia ROBODOC, mashine inayokata yenyewe na isiyojali kano. Roboti za leo humwezesha daktari kupima mvuto wa kano kabla hajakata hata milimita moja na kurekebisha mpango papo hapo. Kuchukua matokeo ya mashine ile na kuyabandika kwenye hizi za leo si sahihi. Aidha, umeuacha utafiti wa Kayani wa mwaka 2018 kutoka London, ambao ulionyesha kwamba wagonjwa wa Mako waliumia kidogo zaidi, walitumia dawa kidogo zaidi za maumivu za jamii ya afyuni, na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, wastani wa saa 77 dhidi ya saa 105.

Mwanzisha uzi

Daktari, pingamizi lako la kwanza nalikubali kwa sehemu kubwa. Ni kweli kwamba kupima kano kabla ya kukata ndiyo faida kubwa ya mifumo ya leo, na nimeiona ikimwokoa mgonjwa. Daktari anafungua goti kwa vyuma viwili, analinyoosha na kulikunja, na skrini inamwonyesha kwamba upande wa ndani utabana kwa milimita 3 ukikata kama ulivyopanga. Anazungusha kofia ya paja nyuzi moja kwenye skrini, nafasi zinalingana, na kano ambayo ingelazimika kulegezwa kwa kisu inabaki nzima. Hata hivyo, kipimo hicho hakikuzaliwa na roboti. Mifumo ya kompyuta isiyo na mkono wa mashine nayo hupima nafasi hizo kwa mtindo ule ule, na baadhi ya madaktari wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo, kama faida ni ya kupima kano, tuihesabu kwa kompyuta pia.

Kuhusu utafiti wa London, matokeo yake nayaheshimu, lakini tuusome ulivyofanywa. Wagonjwa 40 walifanyiwa kwa njia ya kawaida, kisha 40 waliofuata wakafanyiwa kwa roboti, na daktari mmoja. Hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Timu iliyopata mashine mpya mara nyingi hubadilisha na mambo mengine bila kukusudia, kuanzia namna ya kutoa ganzi hadi bidii ya kumwinua mgonjwa kitandani, na mgonjwa anayejua kwamba amefanyiwa kwa roboti huamka na matumaini tofauti. Sisemi kwamba nafuu ile si ya kweli. Roboti haihitaji fimbo ndani ya uboho na haiparui sana nyama za pembeni, kwa hiyo inaingia akilini kwamba maumivu ya siku za mwanzo yangepungua. Nasema kwamba siku za mwanzo ni kitu kimoja na mwaka wa kumi ni kitu kingine, na watu huambiwa habari ya kwanza wakadhani wameambiwa na ya pili.

Mchangiaji wa pili

Nimekuelewa, na naongeza jambo moja ambalo linasaidia hoja yako na yangu pia. Kim ni daktari aliyefanya magoti mengi kupindukia. Mkono wake wa kawaida ni mzuri kiasi kwamba mashine haikuwa na pengo kubwa la kuziba. Swali ambalo tafiti zake haziwezi kulijibu ni kama mashine humsaidia daktari anayefanya magoti machache kwa mwaka.

Mwanzisha uzi

Hapo umegusa penyewe. Rejista za kitaifa, ambazo huhesabu magoti ya madaktari wa kila aina na si mabingwa wakubwa peke yao, ndizo zinazokaribia kulijibu swali hilo. Rejista ya Australia ilichambuliwa na de Steiger na wenzake mwaka 2015. Kwa wagonjwa wenye umri chini ya miaka 65, walioongozwa na kompyuta waliorudiwa upasuaji ndani ya miaka 9 walikuwa asilimia 6.3, na wasioongozwa walikuwa asilimia 7.8. Upungufu ulionekana hasa katika magoti yaliyolegea kutoka kwenye mfupa, jambo linalolingana na maelezo kwamba mzigo uligawanyika vizuri zaidi. Rejista nayo ina udhaifu wake, kwa sababu hatujui kwa nini daktari fulani alichagua kompyuta kwa mgonjwa fulani. Lakini kwa mtu wa miaka 55 ambaye goti lake litatumika kwa nguvu kwa miongo kadhaa, nisingeipuuza takwimu hiyo, na utaona kwamba ni takwimu ya kompyuta, si ya roboti. Ndiyo sababu husikitika ninapoona hospitali yenye mfumo mzuri wa kompyuta inaonekana imepitwa na wakati kwa kuwa haina mkono wa mashine.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mkubwa. Baba yangu alivunjika paja katika ajali zamani na bado ana chuma ndani ya mfupa. Sasa goti la mguu huo huo limesagika, na daktari amesema njia ya kawaida itakuwa ngumu. Je, ni kweli, au tunaelekezwa tu kwenye huduma ya juu?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Ni kweli, na huyu ni aina ya mgonjwa ambaye kwake mjadala wetu wote wa wastani na asilimia haumhusu sana. Fimbo ya njia ya kawaida inahitaji uwazi wa uboho ulio wazi na ulionyooka. Kama ndani mna chuma, fimbo haipiti, na kama mfupa uliungana kwa kupinda, fimbo itapita lakini itadanganya pembe. Bila kompyuta, daktari angelazimika kutoa kile chuma kwanza, pengine katika upasuaji wa peke yake, au kutumia fimbo fupi na kukisia zaidi ya kawaida. Kompyuta haijali kilichomo ndani ya mfupa, kwa kuwa inatafuta nyonga kwa ule mzunguko wa paja niliouelezea. Jambo moja la kuangalia ni kwamba pini za fremu nazo lazima zikwepe chuma kilichopo.

Roboti nayo itafaa, ila kama ni ile inayotegemea picha za CT, muulizeni daktari kama chuma kitaziharibu picha, kwa sababu metali hutupa vivuli na michirizi kwenye CT. Kwa mzee wako, ukinilazimisha kuchagua, ningesema mfumo wowote unaoongozwa na kompyuta, wenye mkono au usio nao, mikononi mwa daktari aliyewahi kushughulikia mapaja yaliyokwisha kuvunjika. Nyonga iliyokakamaa kabisa ndiyo inayoweza kuleta taabu, kwa kuwa paja lisilozunguka haliwezi kuipa kompyuta kitovu. Basi mwambie daktari kama baba ana shida hiyo pia.

Mchangiaji wa nne

Na kwa wale wanaobadilishiwa nusu ya goti? Nimesikia kwamba huko ndiko roboti ilikoanzia.

Mwanzisha uzi

Si roboti zote, kwa kuwa ROBODOC ilianzia kwenye nyonga, lakini Mako ilianzia huko, na huko ndiko ushahidi wa roboti una nguvu zaidi katika upande wa usahihi. Katika nusu goti, upande mmoja tu uliosagika ndio hufunikwa na kano zote hubaki. Nafasi ni finyu, kidonda ni kidogo, na kosa dogo la pembe huonekana haraka. Utafiti wa Justin Cobb na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2006 na kutumia roboti ya Acrobot, uligawanya wagonjwa kwa bahati nasibu. Wote wa kundi la roboti walipatikana ndani ya nyuzi 2 za pembe iliyopangwa, na kwa njia ya kawaida ni asilimia 40 tu. Wagonjwa walikuwa wachache, hawakufika 30, lakini tofauti ya kiasi hicho si ya kubahatisha.

Kumbuka pia kwamba nusu goti hudumu kwa muda mfupi kuliko goti zima. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba karibu asilimia 82 ya magoti mazima hufikisha miaka 25, na kwa nusu goti ni karibu asilimia 70. Mahali penye pengo kubwa ndipo usahihi una nafasi ya kuleta faida. Kama ningelazimika kuipeleka roboti moja kwenye aina moja tu ya upasuaji wa goti, ningeipeleka huku.

Mchangiaji wa kwanza

Narudi tena, samahani. Nimebakiwa na mawili. Je, nikikataa picha za CT kwa kuogopa mionzi nitakuwa nimejinyima roboti? Na ikitokea mashine imegoma katikati ya upasuaji, mimi nikiwa nimeshafunguliwa, inakuwaje?

Mwanzisha uzi

La kwanza ni jepesi. Mionzi ya CT moja ya kupangia upasuaji si kiasi cha kumzuia mtu mzima, lakini ipo mifumo isiyoihitaji kabisa. CORI na roboti nyingine iitwayo VELYS hujenga umbo la mfupa hapo hapo mezani kwa ile kalamu, na ROSA inaweza kutumia eksirei au kuacha picha zote. Faida ya CT ni kwamba daktari hufika akiwa ameshaliona goti lako kwa pande zote na kukadiria saizi ya vipande vitakavyotumika.

La pili ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu, na umuulize daktari wako kwa maneno hayo hayo. Mambo yanayoweza kwenda kombo ni ya kawaida kabisa: tufe imelowa damu na kamera haiioni, pini imelegea na fremu imesogea, au programu imekwama. Tufe tunaifuta au tunaibadilisha. Fremu ikisogea baada ya vipimo kuchukuliwa, kila nambari kwenye skrini ni ya uongo, na hilo ndilo kosa la hatari kwa kuwa skrini haionekani kuwa na tatizo. Kwa sababu hiyo mwanzoni huwekwa alama ndogo kwenye mfupa, na daktari huigusa tena kwa kalamu kabla ya kukata ili kuona kama kompyuta bado inaikuta mahali pake. Isipoikuta, vipimo vinaanza upya au mashine inawekwa pembeni.

Ikiwekwa pembeni, kazi inaendelea kwa njia ya kawaida. Seti nzima ya fimbo na vifaa vya kuongozea msumeno huwa imeshatakaswa na ipo chumbani, na ni wajibu wetu wauguzi kuhakikisha hivyo kabla mgonjwa hajapewa ganzi. Pini zinatolewa, fimbo inaingizwa, na upasuaji unakamilika kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyopangwa. Utaamka na vijeraha vya pini ambavyo havikukufaa kitu, na goti ambalo ubora wake umetegemea mkono wa yule daktari pekee. Kwa hiyo muulize pia amefanya mangapi bila mashine, na mara ya mwisho ilikuwa lini.